Fundi wa kompyuta, usisahau una miguu

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Mnyama huyo mlafi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, akataka kuzifuata zote kwa pamoja, na mwisho wake akapasuka msamba. Wazazi hupenda kuitumia methali hii wanapomwona kijana ameshika mambo mengi. Wakiona haitoshi huongeza ile nyingine, kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Wiki hii, msomaji mpenzi, hebu tuzipime methali hizo kwa kumtazama kijana wa siku hizi ambaye ameshika mambo matatu. Anatengeneza tovuti ili apate riziki, anakimbia kwenye vijia vya porini ili ailinde afya yake, na bado ana burudani zake nyingine ambazo hayuko tayari kuziacha. Na ili tusidhani kwamba haya ni mambo ya vijana wa Nairobi peke yao, kijana wetu wa mfano tutamweka Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, ambako fisi wapo wa kweli na njia panda ni nyingi.

Sisi tunaoishi mijini tukilisikia jina la Ijara, aghalabu hufikiria ukame, mifugo na taarifa za usalama. Yote hayo yapo. Mji wake mkubwa ni Masalani. Upande wa magharibi unapita Mto Tana, na kusini unaingia Lamu kupitia msitu wa Boni. Mvua zikinyesha sawasawa, udongo wake mweusi hugeuka ulimbo na magari hukwama njiani kwa siku kadhaa. Mahali kama hapo, kazi ya kompyuta ina faida ambayo watu wa mjini hawaifikirii: bidhaa yake haihitaji barabara. Ng'ombe wa kuuzwa lazima afikishwe mnadani akiwa hai, na maziwa lazima yafike kabla hayajaharibika. Tovuti hupita hewani hata lori likiwa limezama hadi kwenye ekseli.

Na si ndoto. Katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab zilizoanzishwa mwaka 1991, vijana walianza kupewa kazi ndogo ndogo za kompyuta kutoka ng'ambo mwaka 2009 kupitia shirika la Samasource. Baadaye Kituo cha Biashara cha Kimataifa na Baraza la Wakimbizi la Norway nao waliwafundisha vijana wa kambi hizo namna ya kutafuta na kufanya kazi kwa njia ya mtandao. Serikali ya Kenya kwa upande wake ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwaelekeza vijana wa kila pembe ya nchi kwenye kazi za aina hiyo. Ikiwa mkimbizi anayeishi chini ya turubai anaweza, kijana wa Masalani naye anaweza.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Ukurasa unaouona kwenye simu yako unapotafuta matokeo ya mtihani au kununua tiketi ya basi umeandikwa na mtu, mstari baada ya mstari. Upo upande wa mbele wenye rangi, picha na vitufe, na upo upande wa nyuma unaohifadhi majina, fedha na tarehe. Koma moja ikisahaulika, ukurasa mzima unaweza kukataa kufunguka. Mtengenezaji atakaa saa tatu akiitafuta koma hiyo, na akiipata hakuna atakayempongeza, maana hakuna aliyejua kwamba ilipotea. Ni kazi ya ufundi kama useremala, ila seremala husimama, huinama, hubeba mbao na kutoka jasho. Huyu wetu ameketi tu.

Isitoshe, saa zake hazifanani na za watu wengine. Kenya iko mbele ya New York kwa saa 7 au 8, kutegemea majira. Tajiri wa huko anapofika ofisini saa tatu asubuhi, Ijara ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Ndio wakati ambao jua limepoa, vijana wenzake wanakwenda uwanjani kucheza kandanda, na wazee wamekaa chini ya mti wakicheza shah kwenye mchanga. Yeye ndipo anapoanza kuitwa kazini. Maswali yanaingia, marekebisho yanaingia, na akija kuinua kichwa ni saa sita za usiku.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huzaliwa. Mama amelala, ameamka kwa ajili ya alfajiri, mwana bado yuko mbele ya mwanga wa buluu. Kwa Wasomali mama huitwa hooyo, na kwa mapenzi yake yeye naye humwita mwanawe kwa neno hilo hilo. "Hooyo," atasema, "hii ni kazi gani isiyokuwa na mchana? Wenzako wanakwenda na ngamia, wewe unakwenda wapi?" Kijana akijibu kwamba yuko kazini, mama atatazama chumba na asione mwajiri, wala duka, wala mnyama. Ataona mtu amekaa tangu jana.

Tusimcheke mama huyo. Katika ukame mkali uliodumu kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mapema mwaka 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Zipo nyumba kaskazini mwa Kenya zilizobaki na wanyama wa kuhesabika kwa vidole. Tuseme baba aliuza mbuzi wa mwisho wenye thamani ili mwanawe apate laptopu na masomo. Basi mifugo ya nyumba hiyo sasa ni vidole vya kijana huyo. Mgongo wake ukiharibika, au macho yake, au akili yake, hakuna zizi jingine la kukimbilia. Kwa hiyo suala la afya ya mtu huyu si suala la urembo wa mwili. Ni suala la unga wa kesho.

Ukweli ni kwamba kukaa kuna madhara yake. Misuli ya nyonga hukakamaa, kiuno huuma, mabega hupanda juu kama ya mtu anayesikia baridi. Macho yanayokodolea kioo husahau kupepesa, yakakauka na kuwasha. Wataalamu wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa muda wa sekunde 20. Watu wa Ijara wana bahati hapo, kwani upeo wao ni mpana. Ni kugeuza shingo tu kuelekea dirishani.

Lakini adui mkubwa wa fundi huyu si kiti. Ni ile dawa anayoitumia ili aweze kukaa kwenye kiti. Kaskazini Mashariki hakuna asiyejua miraa. Uingereza iliupiga marufuku mmea huo mwaka 2014, lakini kwetu ni biashara halali na kila siku magari huusafirisha kwa kasi ya kutisha. Kijana aliyeahidi kazi kabla ya mapambazuko hutafuna ili usingizi umkimbie. Usiku wa kwanza humaliza kazi na kufurahi. Usiku wa kumi hamalizi, lakini hawezi kulala. Chakula hakimwingii, hasira zimekuwa karibu, na zile fedha alizolipwa nusu yake imekwenda kwa muuzaji. Ukimuuliza atakwambia ni uraibu wake tu.

Neno hilo tulitafakari kidogo. Shuleni mwalimu akiuliza, "Uraibu wako ni upi?" watoto hujibu: kusoma vitabu, kucheza kandanda, kukusanya stempu. Hapo uraibu ni burudani ya mtu baada ya kazi. Lakini neno ni hilo hilo tunalolitumia kwa mtu aliyetekwa na tumbaku au pombe. Kiswahili kimeyaweka mambo mawili katika neno moja, na nadhani hakikukosea. Kila burudani ina mlango wa kuingilia. Swali ni kama ina mlango wa kutokea. Mwenye kucheza shah husimama adhana ikisikika. Mwenye kutafuna miraa husema, "Kishada hiki tu." Na tusiisahau simu: fundi anayefunga kompyuta baada ya saa kumi za kazi kisha akalala kitandani na simu usoni hajabadilisha alichokuwa akifanya, amebadilisha ukubwa wa kioo tu.

Kukimbia nako kunaweza kuwa uraibu wa aina ya pili, tusidanganyane. Lakini kwa mtu wa kompyuta ni tiba iliyojaribiwa zamani, na na mtu ambaye wanafunzi wanaosomea kompyuta wanalijua jina lake. Alan Turing, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1912, ndiye aliyeandika mwaka 1936 makala ya hisabati ambayo msingi wa kompyuta zote za leo umesimama juu yake. Mtu huyo alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu katika klabu ya Walton. Mwaka 1947 alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Mshindi wa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka uliofuata, Delfo Cabrera wa Argentina, alimaliza kwa muda wa dakika 11 tu pungufu ya huo. Wenzake wa klabu walisimulia kwamba alipoulizwa kwa nini anajitesa hivyo, jibu lake lilikuwa kwamba kazi yake inamwelemea akilini, na njia pekee aliyoijua ya kuutua mzigo huo ni kukimbia kwa nguvu. Basi aliyeizaa fani hii hakuona kwamba miguu na akili ni mahasimu.

Mtu wa Ijara atasema, "Hizo ni hadithi za nchi za baridi." Ana haki. Hapa si Iten, kule juu ya mita 2,000 kwenye ukungu. Ijara ni uwanda wa chini, na katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Kukimbia saa nane mchana ni kutafuta maradhi. Lakini baada ya sala ya alfajiri ipo kama saa moja ya ubaridi kabla jua halijashika kasi, na njia za kukimbilia zimekwisha kuchongwa na kwato za ng'ombe kwa vizazi. Mifugo haipandi wala haishuki ovyo. Vijia vyake hufuata ardhi ngumu na kuelekea kwenye maji. Mkimbiaji hahitaji uwanja wa lami.

Anachohitaji ni hadhari. Kwanza ni viatu vyenye soli nene, maana miiba ya migunga na ya ule mti msumbufu wa mathenge hupenya hata gurudumu la gari. Pili ni macho kutazama chini, kwa sababu kifutu hulala njiani na hana haraka ya kumpisha mtu. Tatu ni maji kabla na baada ya mbio. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, au ukaona jasho limekauka ghafla na hali mwili unawaka moto, simama, tafuta kivuli, ujimwagie maji na uite msaada. Wakati wa Ramadhani punguza mwendo na umbali, au sogeza mazoezi karibu na kufuturu.

Nne, na hili halina mzaha, waulize wachungaji na wazee ni upande gani wa kwenda na upi wa kuachana nao. Tangu serikali ilipoanzisha operesheni ya usalama katika msitu wa Boni mwezi Septemba 2015, mtu anayetimua mbio porini giza halijaisha huzua maswali, kwa askari na kwa wasio askari. Usikimbie peke yako, usikimbie kabla hakujapambazuka vizuri, na mwache mtu nyumbani anayejua umeelekea wapi. Kwa msichana mambo ni magumu zaidi, kwani desturi haimruhusu kutoka peke yake saa hizo. Lakini kutembea kwa kasi na dada zake, au kuruka kamba uani, ni mazoezi kamili, na mzazi asiyazuie kwa kuona haya.

Kwa wanafunzi wanaopenda hesabu: Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mbio za nusu saa, mara tatu kwa wiki, ni dakika 90. Umetimiza kiwango na bado una asubuhi nne za kulala. Hapo "sina wakati" haina nguvu tena.

Nimalizie hoja na jambo la Ijara yenyewe ambalo laonyesha kwamba kompyuta na pori havikuwekwa mbali kama tunavyodhani. Huko ndiko iliko hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, iliyoundwa na wenyeji kumlinda hirola, paa wa mpakani mwa Kenya na Somalia ambaye idadi yake porini imeshuka chini ya 500. Mwaka 2012 kulizungushwa ua kwenye eneo la takriban kilomita 27 za mraba ili hirola wazaliane salama. Hifadhi hiyo ilijulikana duniani mwaka 2017 kwa picha za twiga weupe, mama na mtoto. Machi 2020 ikatangazwa kwamba majangili wamemuua jike mweupe na ndama wake, akabaki dume mmoja peke yake. Novemba mwaka huo dume huyo alifungwa kwenye pembe kifaa cha kutuma habari za mahali alipo kila baada ya saa moja.

Habari hizo zinapofika huwa ni tarakimu tu. Ili ziwe nukta kwenye ramani, lazima awepo mtu aliyekaa kitini akaandika programu. Na ili nukta hiyo iwe na faida yoyote, lazima awepo mtu mwenye miguu ya kuifuata miibani. Twiga yule hakulindwa na kompyuta pekee wala na miguu pekee. Kijana mwenye vyote viwili ni hazina ambayo Ijara haina sababu ya kuipeleka Nairobi.

Basi nini kifanywe nyumbani? Kijana, ziandike saa zako za kazi ukutani, ili mama ajue kwamba kutoka saa kumi jioni hadi saa nne usiku hupatikani, na baada ya hapo unapatikana. Mwambie mteja wako wa ng'ambo vivyo hivyo. Asiyetaka kusikia atakuhama siku moja hata ukikesha. Mwonyeshe mama ukurasa uliouandika, umwambie, "Hooyo, hili duka liko mbali, lakini mlango wake nimeuchonga mimi." Chagua burudani moja isiyotumia umeme: mpira, shah, mashairi ya wazee, hata kwenda na ngamia siku ya mapumziko. Hilo la mwisho litamfurahisha baba kuliko fedha.

Wazazi nanyi, msimwite mtoto chumbani kila dakika tano kumtuma dukani kisha mkamlaumu kwa kukesha. Kazi iliyokatizwa mchana hulipwa usiku. Na mkiona macho yamekuwa mekundu na chakula kinarudi jikoni, msianze na matusi. Ulizeni kwanza ana deni gani la kazi, na nani anamuuzia cha kumkesha.

Tukirudi kwa fisi wetu, mimi sioni kwamba aliponzwa na wingi wa njia. Aliponzwa na kutaka kuzipita zote kwa saa moja. Angekwenda kulia asubuhi na kushoto jioni, angekula mara mbili. Alfajiri ni ya miguu, jioni ni ya vidole, na usiku uliobaki ni wa usingizi. Anayeupangia kila mmoja wakati wake hapasuki msamba.